Dole Gumba la Mama

Kasingirima, Ujiji

Dada Domitila,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Dagaa wa Katonga nimekutumia kwa basi.

Kampuni ya kebo ninakofanya kazi imeomba kibali cha kupandisha ada ya mwezi. Saini za kuunga mkono nilikusanya mimi, dada; niliwaambia majirani ni za kuongezewa chaneli. Mama alitia dole gumba bila kuuliza.

Siku ya kikao cha maoni alikuja kupinga. Jina lake likasomwa kati ya wanaounga mkono, ukumbi mzima ukamgeukia. Akanitazama, kisha akasema, "Ni kweli, niliweka mwenyewe."

Hajanigombeza mpaka leo. Ila jana nilimpelekea kadi ya ubatizo wa mwanangu. Akaigeuzageuza, akauliza, "Na hii, Bariki, inasemaje?"

Mdogo wako,
Bariki