Mwalimu Hansa, Neema ni Wangu

Mwalimu Hansa,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa hutaniitikia, na hata ulipokuwa hai ulikuwaga unaitikia haraka haraka, macho yameshampita mtu, yanamtafuta mwanangu nyuma yangu.

Ni mie Mama Neema, fundi cherehani wa pale nje ya geti lako, Mikocheni. Ningekuja kaburini tuyamalize, lakini nyie dini yenu ni ya kuchoma, majivu yakaenda na maji, sasa mtu mwenye lake la moyoni akufuate wapi? Nimeona niandike. Kuandika naweza. Darasa la saba nilimaliza, na mwandiko wangu ulisifiwa mbele ya shule nzima.

Jambo lenyewe ni kiti. Jumamosi Neema anatoa mhadhara chuoni. Wanakuja watu wa kompyuta, watu wa ubongo, watu wa lugha, mpaka wazee wa hekaluni kwenu, wote kumsikiliza mtoto niliyemzaa mie, Mbagala. Mtaa mzima wanajua, nimehakikisha. Mbele kabisa amepewa kiti kimoja amweke mtu wake. Basi kaniuliza, kwa ile sauti ya taratibu aliyoitoa kwako: "Mama, utaumia nikiweka picha ya Mwalimu pale? Wewe ukae nyuma kidogo na wadogo zangu?"

Nikamwambia siumii. Nimeumia, Mwalimu. Nimeumia mpaka gauni la mteja nimelishona mkono nje ndani.

Na kwenye maneno atakayorusha ukutani, la kwanza kabisa ameandika: "Kwa mwalimu wangu wa kwanza." Wa kwanza! Kijiko alifundishwa na nani kushika? Kuvaa viatu, mguu huu siyo ule, alifundishwa na nani? Wewe ulimpata kishanyooka, anajua kusema asante na kufuta miguu mlangoni. Ulipokea kazi iliyokwisha kushonwa, ukaweka vifungo.

Nakumbuka ulivyoanza. Anatoka shule, anakaa chini ya cherehani kunisubiri, ukafungua geti ukasema, "Dikri, jua kali, ingia." Nikafurahi mtoto kapata kivuli. Baadaye ndiyo naambiwa dikri kwa Kihindi chenu ni binti yangu. Wa kwako tangu lini?

Siku moja ukanikaribisha na mie darasani, pale barazani, na wale akina mama wa yoga kwenye mikeka. Ukasema tufumbe macho tufuate pumzi tu. Mie nikaifuata mpaka usingizini, nikakoroma. Nilipofumbua macho, wewe na Neema mlikuwa mnatazamana juu ya kichwa changu, mnacheka bila sauti. Ukaniambia, "Mama Neema, wewe ndiyo umefaulu, hawa wengine wanajifanya." Nilicheka na mie. Lakini ule mtazamo wenu niliuona. Mie na yeye hatujawahi kutazamana vile.

Sasa hayo ya yoga mliyokuwa mkiongea pale barazani ndiyo yamekuwa kazi yake. Utafiti wa akili mnemba, hii ya kompyuta, Mwalimu, siyo mchezo. Anasema wataalamu wenyewe wamegawana: huyu anashughulika na macho ya mashine, huyu kumbukumbu, huyu maamuzi, na hawasalimiani. Yeye anachukua yoga yenu, ile inayosema ndani ya mtu kuna anayepokea, kuna panapotunzwa yaliyopita, kuna anayeamua, na kuna anayesema "mimi, changu." Nyuma yao wote yupo anayetazama tu, hadai kitu. Neema anawaambia hao wataalamu: hebu kaeni pamoja muone mnajenga nini. Na huyo anayetazama, kwenye mashine yupo? Nilimuuliza na mie, yupo? Akasema, "Sijui, Mama, ndiyo maana nauliza."

Kuwaeleza watu, anatumia mfano wa nyumba yetu ya kupanga: kila mpangaji na mlango wake na ndoo yake, wakati paa ni moja. Huo mfano nilimpa mie, tukimenya ndizi. Usije ukadhani kila kitu ni chako.

Siku ananieleza, alipofika kwa yule wa "changu, changu," mnamwita ahamkara, alinitazama akaanza kucheka. Nikajua nasemwa. Haya, ni kweli. Hao wa kompyuta wakitaka kumwona ahamkara, wasihangaike na mitambo, waje Mbagala waniulize Neema ni wa nani.

Tulipokusindikiza, mpwa wako aliyetoka Nairobi alimwita Neema wakuwashie moto pamoja, eti ulisema hivyo kabla. Kazi ya mtoto kwa mzazi, nikaelezwa. Nikabaki nimesimama na akina mama, namtazama anavyolia. Mabega yote yanatetemeka. Nikajiuliza, mie nikifa atanililia hivi? Mungu anisamehe, siku ya msiba wako nilikuwa napima machozi ya mwanangu.

Geti lako siku hizi lina kufuli. Mpwa wako karudi kwao. Juzi Neema kaileta picha nyumbani niishonee mfuko isikwaruzwe njiani. Nikaipima, nikaisimamisha kwenye kiti chetu nione itakavyokuwa. Ikateleza, ikalala kifudifudi. Nikaisimamisha tena, ikateleza. Nikakuona unavyokulaga peke yako kwenye ile meza kubwa, sahani moja, na kiti kila upande. Nikasema hapana. Mtu hawezi kuachwa mbele ya umati aanguke hivyo, hana wa kumdaka.

Nimemwambia Neema: kiti nakaa mie, Mwalimu nampakata. Akanikumbatia muda mrefu, akalia begani kwangu. Mie alinikumbatia, Mwalimu, siyo picha. Nakujulisha tu.

Basi kwaheri, mwenzangu. Umenisaidia kumlea, na bado nakuonea wivu, yote mawili yapo na sijui yatakwisha lini. Naahidi Jumamosi nitakushika wima, na nitakuelekeza kwake ili naye akitazama mbele akuone. Ila wakiuliza mama mzazi yuko wapi, nitakuweka kitini taratibu, nisimame nipigiwe makofi yangu. Hapo kiti kitakuwa chako, ukikalie mpaka nitakapochoka kusimama. Na mie sichoki upesi.

Mama Neema