Pasipoti Iliyo Drooni

Hosteli ya klabu, chumba namba tisa

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mama kifua kimemwachia. Mimi sijambo, ukiacha goti la kulia, ambalo siku hizi huamka baada yangu. Wasalimie shangazi na wote wanaoniulizia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umesema chuo cha uuguzi cha ng'ambo kimekupa nafasi na masomo yanaanza baada ya wiki saba, lakini ofisa wa uhamiaji amekwambia pasipoti unayo tayari, akakuita tapeli mbele ya foleni nzima. Ukaniomba mimi, niliyezunguka nchi nyingi, nikuelekeze. Nitakuelekeza. Nivumilie kwanza.

Hii ni ligi yangu ya nne. Katika ya kwanza uwanja ulikuwa na mashimo. Katika ya pili kocha alifukuzwa kabla sijajua anakoishi. Katika ya tatu nilifunga mabao kumi na moja, nikaumia. Hapa nasugua benchi. Katibu wa klabu amezifungia pasipoti za wageni wote kwenye droo yake, na ufunguo anautundika shingoni kama filimbi ya refa. Ukimwomba, anakuuliza unakwenda wapi na mkataba unao. Kipa wetu alimwuliza kama chooni nako ni mpaka ombi lipitie kwake. Tulicheka, kisha kila mtu akarudi chumbani kwake kutazama dari. Magazeti yanatuita mabalozi. Balozi gani huyo asiyeshika pasipoti yake? Ng'ombe anauzwa mnadani, lakini angalau hakuna anayemdhihaki kwa kumwita balozi! Na waandishi wanajua, na wakubwa wanaopigana vikumbo kupiga picha nasi wanajua. Wote kimya.

Nami nilikuwa kimya vilevile, tena kwa sababu mbaya kuliko zao.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, wakala alinisifia miguu, kisha akaniuliza umri. Akasema nimeshazeeka, wanunuzi wanataka wa kumi na minane. Hakuniambia niibe. Nilirudi nyumbani kwa miguu hiyohiyo, nikafungua sanduku la mama lililo chini ya kitanda, nikachukua cheti chako cha kuzaliwa. Mlipokitafuta, nami nilitafuta pamoja nanyi, hata nikawalaumu panya.

Pasipoti aliyoiona ofisa ina sura yangu na jina lako. Jezi zangu zote zimeandikwa Reli, lile jina langu la utani, na watangazaji huniita hivyohivyo, ndiyo maana redioni hamkugundua. Kila siku yako ya kuzaliwa wenzangu hunimwagia ndoo ya maji mazoezini, nami hucheka kama mwenyewe. Hata ubalozini siwezi kushtaki. Wakiniuliza mimi ni nani, nitajibu nini?

Juzi nilimweleza katibu ukweli huu. Alisema nikifungua mdomo klabu itapokonywa pointi na mimi nitafungiwa maisha, basi nitulie, pasipoti ikae drooni.

Sitatulia. Ndani ya bahasha hii kuna maelezo yangu, picha yangu na alama ya dole gumba. Kipa amerudishiwa pasipoti yake kwa likizo tu; ataituma akifika kwao, isipite mikononi mwa katibu. Mpelekee ofisa yule, na foleni nayo isikie. Usinionee huruma, na usingoje nikuandikie tena.

Nisalimie mama. Mwambie panya hawakuwa na kosa.

Kwa miaka tisa nimesaini jina lako kwenye kila mkataba. Leo nasaini langu:

Kaka yako, mkubwa wako kwa miaka minne.