Mbwa Asiyevuka Bendera

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera

Jina: Jeremia Kwandu
Umri: Miaka 74
Kabila: Msukuma
Kazi: Mkulima na mfugaji, mwalimu mstaafu
Makazi: Kando ya barabara kuu, karibu na Nyakanazi

Leo ni tarehe 14 Agosti 2024. Nilitoka Maswa mwaka 1978 nikiswaga ng'ombe kutafuta malisho, na huu ni mwaka wa arobaini na sita siishi kwetu. Naanzia hapo kwa sababu kuna watu wanaotaka nirudi huko, na jambo lenyewe linamhusu mkwe wangu Abeli, aliye mahabusu kwa tuhuma ya kushirikiana na wezi wa ng'ombe. Afande ameniruhusu kuzungumza nikiwa nimesimama. Tangu juzi kiti hakikaliki.

Abeli ni Mhangaza wa Nyamiaga, Ngara, fundi wa sola. Amemwoa binti yangu Scola na wanaishi nami. Mwaka jana mbwa wetu wawili waligongwa na malori. Alipobaki mmoja, Tuyaone, Abeli aliagiza uzio wa umeme wa mbwa. Uzio huo hauonekani. Ni waya mwembamba uliofukiwa ardhini kuzunguka nyumba na zizi, pamoja na kisanduku kinachotumia sola. Mbwa huvaa ukanda shingoni. Akiukaribia waya ukanda hutoa mlio, akizidi kusogea humshtua. Abeli alichomeka bendera ndogo nyeupe juu ya waya, akawa anamtembeza mbwa kwa kamba asubuhi na jioni, mpaka mbwa akaujua mwisho wa mji wetu.

Majirani walicheka. Kazimili, kamanda wa sungusungu, aliniuliza, "Mwalimu, mbwa wako amekuwa mwali? Mahari yake mnataka ng'ombe wangapi?" Hata mimi niliona ajabu. Maswa ya ujana wangu mbwa alikimbia mpaka achoke mwenyewe, hapakuwa na lami ya kumsubiri. Lakini Tuyaone aliacha kwenda barabarani, nami nikaacha kuinuka kila lori lilipofunga breki.

Mnamo tarehe 12 Agosti, majira ya saa tisa alasiri, ulipigwa mwano. Hilo ni yowe letu Wasukuma la hatari. Likisikika, kila mji hutoa mwanamume na mbwa, bila maswali. Ng'ombe wa Kazimili walikuwa wameswagwa kutoka malishoni kuelekea porini. Abeli alichukua rungu akatoka mbio akimwita mbwa. Tuyaone alimfuata hadi kwenye bendera. Ukanda ukalia. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akabweka kwa maumivu. Katika haraka ile Abeli alikuwa amesahau kumvua. Alirudi, akamshika shingoni, akamvuta ndani amfungue. Wakati huohuo kundi la Kazimili lilikuwa linapita njiani. Walichoona ni mtu anayemzuia mbwa wakati wa mwano.

Nilikuwa mlangoni, hakuna kitu kilichonizuia kuona. Nilimwona akifungua kifungo na kuutupa ukanda majanini. Alivuka, akampigia mbwa mluzi. Tuyaone alilala mbele ya bendera akitetemeka. Shingo ilikuwa tupu, lakini alikwisha kufundishwa. Abeli akaniambia, "Baba, hili sikulifikiria," kisha akakimbia peke yake kuwafuata wenzake.

Walirudi naye jioni, amefungwa kamba, jicho moja limevimba. Ng'ombe hawakupatikana. Kazimili alisema mbele ya watu, "Mbwa anazuiwaje siku ya mwano? Huyu Mhangaza wako amewafungulia wezi njia." Nilimwomba aje nimwonyeshe waya. Akasema, "Waya huo ni wa vitabuni, mwalimu. Ng'ombe wangu walikuwa wa kweli."

Jana asubuhi alikuja na wazee wawili. Alinipa shikamoo, nikaitikia. Akasema, "Tunakuheshimu. Ukaseme polisi ulimwona akimzuia mbwa, hilo tu, halafu nyamaza. Ukimtetea, hakuna atakayekupa moto wala maji, na msibani kwako hatuji. Urudi Maswa wakakuzike wenzako." Scola alikuwa anapepeta maharage. Ungo ulisimama mikononi mwake.

Ni kweli nilimwona Abeli akimvuta mbwa. Nikiishia hapo sitakuwa nimesema uongo, na mtu asiye na hatia atafungwa. Kwa hiyo nimesema na yaliyofuata. Naomba afande aende mwenyewe. Amvue mbwa ukanda, amwache na njaa kidogo, atupe nyama upande wa pili wa bendera. Nilijaribu jana baada ya wazee kuondoka. Mbwa alilia mpaka kunguru wakaichukua ile nyama.

Nawasikitikia ng'ombe wa Kazimili, nami ni mfugaji. Niliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na nitayarudia mahakamani, Kazimili akiwa amekaa mbele yangu. Wakitaka kunitenga, watanitenga nikiwa kwangu, Scola na mumewe wakiwa nami. Maswa sitarudi.

Sahihi ya shahidi: J. Kwandu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, D/C Modestus, kama shahidi alivyoyatamka. Ameyasoma mwenyewe, akasahihisha alama mbili za nukta na kutia sahihi. Tunaondoka naye sasa hivi kwenda kumwona mbwa.