Mbegu Haitolewi kwa Posta

Manchester, Uingereza
Januari 1995

Baba Achieng,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Achieng yu hali gani? Kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imevimba.

Barua yako nimeisoma. Kwamba tangu mama mkwe azikwe, mimi mke wa mwana mkubwa ndiye wa kutoa mbegu, golo kodhi yenu Wajaluo, na mpaka mimi na wewe tupande, wake za ndugu zako hawagusi jembe. Kwamba mwaka jana mlinisubiri mkapanda mvua inapita. Kwamba mdogo wako Okoth anasema, "Bibi yako ako ng'ambo, sisi tutakula makaratasi?" Na kwamba nisiporudi kabla ya mvua za Machi, utaleta mwanamke mwingine atoe mbegu.

Sasa sikia kichekesho. Ninachosomea huku ni hicho hicho: jinsi jambo la leo linavyoleta matokeo yake baadaye. Mbegu inachelewa Machi, njaa inabisha hodi miezi mingi mbele, nasi tunakadiria kila mwezi ubebe lawama kiasi gani. Nilileta takwimu za mahindi ya huko kwenu Lambwe. Profesa akasema wakulima hawa wanachelewa kwa uvivu, waondolewe kwenye hesabu. Nikasimama nikaeleza golo kodhi. Darasa likacheka. Niliwatetea ndugu zako mpaka kipindi kikaisha, na jioni hiyo hiyo barua yako ikafika. Kumbe nawatetea wanaonifukuza!

Hukuoa Mkuria wa Ntimaru ukiwa usingizini. Wewe ndiye uliyesema, "Nenda usome, tutavumilia." Mbegu haitolewi kwa posta, najua, lakini mtihani wangu ni Juni. Sitakuja Machi.

Ila nikufundishe bure: mwanamke utakayemwingiza Machi, hutaona uchungu wake Machi. Shamba litakuwa kijani, Okoth atashiba, utasema Boke alitisha bure. Matokeo ya jambo kama hilo huja polepole, na yakishaanza hayajui msimu.

Msalimu shemeji Okoth, mwambie shibe njema. Msalimu shangazi yako wa Sindo aliyenifungia omena, dagaa wenu wa ziwani, nile safarini. Mkumbatie Achieng.

Na yale mahindi ya mbegu niliyoyachagua kwa mkono wangu, yanayoning'inia juu ya moshi jikoni kwangu, yasiguswe. Huyo akija, aje na mbegu zake.

Mkeo mpaka mvua inyeshe,
Boke