Kabati la Kijapani Lenye Magurudumu

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu toka Barking. Babu yako bado anakohoa. Mimi nimechoka tu.

Unauliza kwa nini kabati langu la kale la Kijapani, lile la mbao lenye magurudumu, ni pambo tu sebuleni, halina kitu ndani. Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana, nilikwenda kuripoti moto ghorofa ya jirani. Bi Rukia, bibi mzee aliyeishi humo, alikuwa ndani akijaribu kulitoa kabati hilo, lakini limekwama mlangoni, limejaa nguo.

"Liache, bi mkubwa! Panda juu upite!"

"Wajapani wamelitia magurudumu wakimbie nalo moto, mwanangu!"

"Basi milango yao mipana!"

Alicheka, akapanda, nikamvuta. Moto ulizimwa kabla haujalifikia. Kesho yake akanipa, hakutaka kuliona tena.

Nitakuachia wewe. Lijaze ukipenda, ila usiliweke karibu na mlango.

Bibi yako,
Mwanaidi