Kwa Binti Yetu wa Redio, Aliyegoma Kujibu "Imepokelewa"

Mwaka mzima umepita, binti yetu, tangu maradhi ya figo yakutoe mikononi mwetu. Kiti chako cha dirishani hakikaliwi, ingawa mama yako hajamkataza mtu.

Ulikuwa mcheshi. Ulikunywa chai ya moto mpaka tukauliza kama koo lako ni la bati. Ulikuwa mbishi pia, na ubishi huo uliurithi kwangu; sioni haya kusema.

Miaka kumi na moja ulikaa kwenye redio katika kambi ya walinda amani. Watu wakiomba msaada, ulijaza fomu na kuwajibu, "Imepokelewa." Safari moja ulijibu hivyo, fomu ikalala mezani kwa wakubwa, kijiji kikateketezwa. Ulirudi nyumbani ukaapa hutalijibu tena neno hilo.

Ndiyo maana asubuhi ile, mwalimu mmoja alipoita redioni kwamba wenye silaha wamefika darajani na watu mia tatu wamejifungia shuleni, hukugusa fomu. Wakubwa walikuwa mkutanoni, wakijadili kama wana ruhusa ya kutoka. Ukaibeba redio, ukaitua katikati ya meza yao.

"Dada, zima hicho kidude," mkuu wa kambi alisema. "Tunasubiri makao makuu."

"Mwalimu yuko hewani, mkuu. Mwambie mwenyewe asubiri."

Kitufe ulikuwa umekibonyeza muda wote huo; ukakiachia. Ikaja sauti ya mwalimu: "Shikamoo, mkuu. Tusubiri mpaka saa ngapi?"

Magari manne yakatoka. Shule ikanusurika. Wewe ukafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na hukuomba kurudishwa.

Nimeisoma ahadi ya mataifa: raia wakikosa ulinzi wa serikali yao, dunia ina wajibu wa kuwalinda. Imeandikwa vizuri. Ila ilihitaji mtu wa kuifikisha darajani, na mtu huyo alikuwa mwanangu.

Siku ya mazishi alikuja mgeni tusiyemjua, akasema yeye ndiye yule mwalimu. Hakutaka kuhutubu. Alikaa mkekani karibu na mama yako, akamtajia waliokuwa shuleni siku ile, jina kwa jina, na mama yako akaitikia kila jina mpaka wakaisha.

Tunaokukumbuka ni mimi baba yako, mama yako, mumeo fundi cherehani, wanao wawili na dada yako mkunga. Hutatutoka moyoni maadamu tunapumua.