Usimpe Daktari Kofia Ile

Sib, Maskati
Shaaban 1390

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Kabla sijakuuliza hali, tazama kwanza kama uko peke yako. Ikiwa dada Asya yuko karibu na anataka kukusomea, mwambie hii utaisoma mwenyewe. Ndiyo sababu nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, zile ulizonifundisha wewe juu ya mkeka kabla sijajua hata kufunga vifungo vya shati. Sikuitia posta. Anakuletea mtu wa kwetu anayekuja huko Unguja kupitia Mombasa, na nimemwapisha asimkabidhi mtu mwingine ila wewe.

Sasa nikuamkie kama inavyopasa. Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umeshuka, au bado unaukalia tangu alfajiri hadi adhuhuri ukishona, halafu unamlaumu daktari? Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Kaka yako, mjomba Khalfan, ninayekaa kwake, ni mzima pia, ila analalamikia joto kila siku kama kwamba kuna mtu aliyemwahidi baridi. Mkewe anakusalimu na anasema kitunguu cha huku hakina harufu.

Tangu nchi ipate Sultani mpya milango imefunguka. Watu wetu wanarudi kutoka Dubai, Kuwait, Bombay, na kila wiki anabisha hodi mtu anayesema babu yake na babu yetu walikuwa ndugu. Mjomba anawalisha wote kwanza, ndipo anauliza babu gani. Na mimi nimepata kazi ya ukarani katika ofisi ya Wali, yaani liwali wa hapa, kwa kuwa najua kupiga taipu na watu wanaojua ni wa kuhesabu kwa vidole. Kiarabu changu kinawachekesha. Karani mwenzangu ananiambia, "Wewe Kiarabu husemi, unakiimba." Namwacha acheke.

Lakini hawajui kama nilikuwa China. Huko kusini kwenye milima kuna vita, na inasemwa bunduki za wale wapiganaji zinatoka kwa Wachina. Kwa hiyo nimesema nilisoma Karachi. Mwezi uliopita Wali alinisifu mbele ya watu waliokuja na mashtaka yao, akasema karani huyu ni mtu mwaminifu, hana maneno mawili. Niliinamia mashine yangu nikajifanya utepe umekwama.

Barua yako imenifika wiki iliyopita. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Umeniandikia kwamba daktari Mchina anayekutia sindano za mguu anatoka jimbo lile lile nililosoma mimi, na kwamba wewe ukaruka kwa furaha na mguu wako mbovu. Umesema umeshona kofia nyingine kwa ajili ya mzee wangu wa China, tena nzuri kuliko ile ya kwanza, utampa daktari aende nayo atakaporudi kwao baada ya Idi, na jina la mzee umelishona kwa ndani ili isipotee.

Mama, nakuomba kwa maziwa niliyonyonya, usimpe daktari kofia ile. Lifumue lile jina. Wala usimtajie mzee yule, si kwa daktari, si kwa mkalimani wake. Kama huna muda wa kusoma zaidi, hayo yanatosha. Lakini nakujua, hutii mpaka uambiwe kwa nini. Na kwa nini yenyewe ndiyo inayoniumiza. Siku nne nimeianza barua hii na kuichana. Jana mjomba akaniuliza nini kinachonikondesha, nikamwambia yote. Akasema, "Basi mwandikie, mwanangu. Aibu n'naijua mimi, ukiilaza ndani inazaa."

Nilikueleza zamani kwamba mzee yule alikuwa mkubwa wa serikali. Sikukueleza ukubwa wake ulivyokuwa. Kule jimbo moja ni kama nchi nzima, na lina wakuu wawili. Kuna Gavana, ambaye hufungua madaraja na kupokea wageni. Na kuna Katibu wa Kwanza wa Chama, ambaye huenda hata picha yake huioni gazetini, lakini Gavana hanywi chai mpaka yeye anyanyue kikombe. Chama ni kimoja, hakuna kingine, kwa hiyo Gavana akikata utepe, Katibu ndiye anayekata shauri. Mzee wangu alikuwa chini ya wote hao. Alikuwa Naibu Gavana, kazi yake kilimo na wageni, na wageni ndio sisi wanafunzi.

Siku ya kwanza walipotukaribisha, walisimama kwa mstari wakingoja tuwape mkono. Nami nikafanya kama ulivyonilea. Nilimtafuta mwenye mvi nyingi kuliko wote nikamwendea huyo kwanza, nikainama. Kumbe nimekosea. Nilikuwa nimempita Katibu wa Kwanza, mtu wa makamo mwenye nywele nyeusi tititi, na Gavana kando yake. Mzee akacheka, akanishika mabega akanigeuza taratibu kama mtoto aliyepotea kibla, akanipeleka kwa Katibu. Baadaye aliniita akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikamwambia kwetu mkubwa ni aliyekula chumvi nyingi. Kuanzia siku hiyo akawa akija chuoni lazima aniulizie.

Wewe unajua mengine. Yalipotokea ya Unguja, na mimi nikawa sina pa kurudi, pasi yangu ya zamani haifai hata kufungia karanga, yeye ndiye aliyesema niachwe nimalize masomo. Idi yetu ya kwanza, sisi Waislamu saba kutoka nchi mbalimbali, alitupa chumba katika nyumba ya wageni tukasali, akatuletea kondoo mzima. Ndipo ukamshonea kofia. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mwambie mama yako kichwa changu hakistahili kazi kubwa namna hii." Hayo nilikuandikia na yalikuwa kweli. Yaliyofuata ndiyo niliyokuficha.

Mwaka uliofuata vijana wa mashule na viwanda waliambiwa wawaondoe wakubwa waliooza. Walianza na walimu, wakapanda hadi kwa wakubwa wa jimbo. Katibu wa Kwanza aliangushwa, Gavana akaangushwa, ofisi zao zikakaliwa na kamati mpya ya watu waliokuwa jana wakisukuma baiskeli mtaani. Sisi wageni tulikaa mabwenini tukisikiliza vipaza sauti. Mchana mmoja wakanijia watu watatu wa kamati hiyo, wawili wanafunzi wenzangu niliokuwa nikicheza nao mpira. Walinipa sigara. Wakauliza habari za mzee, kwa upole, kama watu wanaouliza habari za jamaa.

Na mimi, mama, nikajisifu. Mdomo uliponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwingine. Kwetu ukitaka kuonyesha mtu ni mwema unasema alivyokukirimu na alivyopokea zawadi yako. Basi nikawamiminia yote, kondoo, chumba cha sala, kofia, jinsi nilivyomwinamia yeye kabla ya Katibu. Nilidhani namjengea jina. Nilitaka pia waone kwamba mimi si mtu hivi hivi, nimependwa na Naibu Gavana. Wao wanaandika tu, na mimi nikaona ni adabu.

Kesho yake walirudi na karatasi iliyopigwa taipu. Ilisema mzee alijifanya mfalme mdogo akitaka wageni wamwinamie. Ilisema alieneza mambo ya dini ili kuwatenga wanafunzi na wananchi. Na ilisema kofia aliidai yeye, kwamba aliniambia bila zawadi kutoka kwa mama yangu nisingepata kibali cha kukaa. Nikawaambia hili la mwisho si kweli. Mmoja wao, yule aliyekuwa mlinda mlango wetu katika mpira, akasema, "Kibali chako sasa kinatolewa na kamati. Fikiri uko upande gani." Basi. Hakuna aliyenipiga hata kofi. Hakuna aliyenifungia mlango. Walikwenda kunywa maji, waliporudi nilikuwa nimeshatia saini, na kwa kuwa waliomba, nikaandika na jina lako.

Ungekuwa uwongo wa mtu mwenye kisu shingoni ningekuomba unionee huruma. Sithubutu kukuomba.

Ulikuwa mkutano wa alasiri, uwanja wa mpira umejaa pomoni. Wakubwa wa jimbo walipangwa jukwaani wameinamishwa, kila mmoja na kofia ndefu ya karatasi iliyoandikwa jina lake na makosa yake. Mzee peke yake alivishwa mbili. Walimvika kwanza ile ya kwako, halafu ya karatasi juu yake. Nilikuwa karibu nikiona vile viua ulivyovitoboa kwa sindano. Nikaitwa kwenye kipaza sauti nikasoma karatasi yangu kwa Kichina changu kizuri, kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akinisahihisha. Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa na hofu ya kukosea matamshi, na hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo. Kila nikikumbuka hilo natamani ardhi inimeze.

Nilipomaliza wakamwinua kichwa wakamuuliza kama ni kweli. Angekataa, mama, mwongo angekuwa mimi, mgeni, sina nchi wala ubalozi wa kunitetea. Alinitazama. Akasema, "Kijana amesema kweli. Nilimdai mama yake." Wakampigia kelele nyingi zaidi. Juma lililofuata nikapewa kibali cha kutoka, nikapanda gari moshi.

Sijui yuko wapi. Wapo waliosema alipelekwa shamba kulisha nguruwe, wapo waliosema alikufa kifua. Wewe kila barua ulimuulizia, na mimi kila barua nilikujibu yu mzima, bado yuko kazini, kofia anaivaa siku za sikukuu. Nilikuwa nikiyaandika hayo hapa hapa mezani kwa mjomba, bila hata mkono kusita.

Sasa umeelewa. Daktari akipokea kofia yenye jina lile, atalazimika kuripoti, na asiporipoti mkalimani ataripoti. Akionekana nayo kwao, atakuwa yeye jukwaani. Na mzee, kama Mungu amemwacha hai na watu wamemsahau, ataitwa upya aulizwe kwa nini mama wa Unguja bado anamtumia zawadi. Ataambiwa ndiyo yale yale. Nimeshamtia huko mara moja kwa kinywa changu, usikubali atiwe tena kwa sindano yako.

Kofia yenyewe mpe umtakaye, imamu wa msikiti, au fundi aliyekutengenezea paa. Mimi usiniletee.

Najua utalia, halafu utakasirika, halafu utaniombea. Ningependa ukawie kidogo kwenye kukasirika. Nimechoka kusifiwa na watu wasionijua.

Nisalimie dada Asya, na usimwambie, ananiona mimi ndiye msomi wa ukoo. Msalimie mama mdogo Bi Zuwena na mumewe mwenye duka la chai. Msalimie jirani yetu fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea nikiwa na miaka kumi na tisa bado inanienea, jambo ambalo halimsifu yeye wala jiko la mjomba. Wabusu watoto wa Asya, wale nisiowajua na wale waliokuwa wananiogopa.

Msafiri amekuja, yuko barazani na mjomba, anamaliza kahawa. Nilikuwa nataka kufunga, limenijia jambo moja. Huenda barua hii imechelewa. Huenda umeshampa daktari kofia na jina umeshalisema, kwa kuwa hujui kukaa na jambo jema siku mbili. Ikiwa ni hivyo, jikongoje, rudi hospitali, umwombe yeye na mkalimani wakae, uwaambie maneno haya. Waambie kofia ya kwanza hakuidai, uliishona kwa mapenzi yako. Waambie shahidi aliyemsingizia mzee alikuwa mmoja tu, alisema uongo, na ni mwanao. Wakikuuliza anaitwa nani, wape jina zima, la kwangu na la baba, na waambie niko Maskati, kwenye ofisi ya Wali. Likinifuata huku, na linifuate.

Mwanao,
Mbarak bin Suud